Utatuzi wa Matatizo ya Gari la Familia: Fuata Dalili Kabla ya Kununua Spea

Nissan X-Trail, Toyota RAV4, Vanguard na Harrier, Honda CR-V, Subaru Forester, Mitsubishi Outlander, Nissan Dualis: simama Ubungo au Tazara, Dar es Salaam, saa kumi na moja jioni, haya ndiyo magari yatakayokuzunguka. Mengi yameshuka bandarini yakiwa yamekwisha kutumika Japani kwa miaka mingi, kisha yakaanza maisha ya pili kwenye joto, foleni na vumbi la Goba, Madale na Kinyerezi. Yanavumilia sana. Ila yakianza kusumbua, wenye magari wengi hupoteza pesa kwa njia moja: gari linaingia gereji kwa sababu linatetemeka, linatoka na plagi mpya, koili mpya na pampu ya mafuta mpya, na bado linatetemeka.

Hapa tutakwenda na dalili moja moja hadi chanzo chake. Mfano mkuu ni X-Trail T31 (kizazi cha pili cha X-Trail) yenye injini ya MR20DE ya cc 2000 na giaboksi ya CVT (otomatiki inayotumia mkanda na puli badala ya gia za hatua), kwa kuwa ni gari la kawaida mjini na malalamiko yake ni mengi, lakini namna ya kupima ni ileile kwa ndugu zake wote.

Kabla ya kumpigia fundi simu, jibu maswali haya kwa maandishi: dalili inatokea injini ikiwa ya baridi au ikishapata moto? Gari likiwa limesimama au likitembea, na kwa mwendo gani? AC ikiwa imewashwa au imezimwa? Kitu gani kiliguswa mara ya mwisho kabla tatizo halijaanza? Majibu hayo yanapunguza kazi kwa nusu. Kingine cha kuwa nacho ni kisomeo kidogo cha OBD2, kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, kinachounganishwa na simu. Soketi yake iko chini ya dashibodi upande wa dereva. Taa ya injini ikiwaka, soma namba ya kosa na uiandike kwanza. Kuchomoa betri ili taa izime ni kufuta ushahidi, na taa itarudi tu.

Gari linachemsha

Tuanze na hili kwa sababu ndilo linaloua injini haraka kuliko mengine yote. Pia, kwenye T31, haidroliki (mafuta ya giaboksi) ya CVT hupozwa na kulanti (maji ya rejeta) ileile ya injini kupitia kipoozeo kidogo kilichofungwa kwenye giaboksi. Rejeta ikichoka, giaboksi nayo inaungua polepole bila taa yoyote kuwaka.

Usiiamini sana geji ya joto. Geji nyingi za magari haya hutulia katikati hata joto likitoka nyuzi 80 hadi kupita 100, halafu hupanda ghafla wakati hali imeshaharibika. Kisomeo cha OBD2 kinakuonyesha joto halisi. Likiwa linatembea vizuri, gari hukaa kati ya nyuzi 82 na 95. Kwenye foleni linaweza kugusa 100, feni zikaingia, likashuka tena. Likifika 105 na kuendelea kupanda, kuna tatizo hata kama mshale uko katikati.

Swali la kwanza ni hili: linachemsha wapi?

Likichemsha kwenye foleni tu, na ukipata barabara wazi linapoa, kosa liko kwenye upepo. Washa injini, washa AC, fungua boneti. Ndani ya muda mfupi feni zote mbili zinapaswa kuzunguka. Moja ikigoma, chomoa soketi yake na uipe umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri. Ikizunguka, mota ni nzima na tatizo liko kwenye relei, fyuzi au waya. Isipozunguka, mota imekufa. Kama feni zote zinafanya kazi, weka karatasi laini mbele ya grili. Feni inatakiwa kuivuta karatasi na kuishikilia. Ikiipuliza mbele, kuna mtu aligeuza waya alipobadilisha mota, na feni inashindana na upepo wa barabarani. Baada ya hapo angalia uchafu kati ya kondensa ya AC na rejeta. Nafasi ile ni nyembamba, inajaa vumbi, majani na wadudu, na ukiangalia kwa mbele huioni. Safisha kwa maji ya msukumo mdogo kutoka upande wa injini kuelekea nje. Mashine ya presha ya kwenye sehemu za kuoshea magari inalaza mapezi ya rejeta, na yakishalala hewa haipiti tena.

Likichemsha barabara kuu au mlimani, na kwenye foleni liko sawa, upepo upo ila maji hayazunguki vya kutosha: rejeta imeziba ndani, themostati (mlango wa maji unaofunguka kwa joto) haifunguki hadi mwisho, pampu ya maji imechoka au kulanti imepungua. Rejeta iliyoziba unaipima kwa mkono injini ikiwa imezimwa na feni zimesimama: sehemu moja ya moto, nyingine ya baridi kabisa. Themostati unaipima jikoni. Itie kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto. Ya MR20DE huanza kufunguka karibu na nyuzi 82, na maji yakifika 95 iwe imefunguka milimita 8 au zaidi. Isipofika hapo, nunua nyingine.

Na hapa tuseme wazi: kuitoa themostati na kuacha tundu wazi si matengenezo. Injini inabaki baridi kwenye mwendo, kompyuta inadhani gari bado linapasha moto na kuongeza mafuta, unyevu haukauki kwenye oili, na CVT inachelewa kufika joto lake la kazi. Kwenye injini nyingi themostati ndiyo inayofunga pia njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, sehemu ya maji inarudi kwenye injini bila kupita rejeta, na siku ya mlima gari linachemsha vilevile. Fundi anayeitoa anaficha dalili ya rejeta iliyoziba.

Kulanti ikipungua bila kuonekana inakovuja, tafuta alama kavu za rangi (nyekundu, kijani au bluu) kwenye pampu ya maji, maungio ya mipira na kingo za plastiki za rejeta. Injini ya 2AZ-FE iliyo kwenye RAV4, Vanguard na Harrier za cc 2400 inajulikana kwa kuvujisha kidogo kidogo kwenye pampu ya maji na kuacha unga wa waridi pembeni yake. Kagua na kifuniko cha rejeta. Kimeandikwa namba, 0.9 au 1.1, ambayo ni msukumo kinaoshikilia. Badilisha kwa namba ileile. Mpira wa ndani ukiwa umepasuka, maji yanachemka mapema na kutokea kwenye kopo la akiba.

Ishara za hedi gasketi iliyoungua (ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini) ni tofauti. Mipira ya rejeta inakuwa migumu dakika chache tu baada ya kuwasha injini ya baridi. Mapovu yanatoka mfululizo kwenye mdomo wa rejeta. Kopo la akiba linajaa na halirudishi maji gari likipoa. Asubuhi gari linawaka likimisi (silinda moja haichomi mafuta vizuri) kwa sekunde kadhaa na kutoa moshi mweupe. Mwombe fundi apime kwa dawa ya bluu inayowekwa juu ya mdomo wa rejeta. Gesi ya injini ikiwa ndani ya maji, dawa inageuka njano. Ni kipimo cha dakika chache, na hakuna sababu ya kufungua hedi bila kukifanya. Hedi ikifunguliwa, ipimwe kama imepinda. Kwa injini za Nissan za aina hii kikomo ni milimita 0.1, ikizidi inapelekwa kusawazishwa. Kubadilisha gasketi bila kupima ni kulipa mara mbili.

Likichemka barabarani: zima AC, washa hita hadi mwisho na feni yake yote, tafuta pa kusimama. Mshale ukikaribia H, zima injini. Usifungue kifuniko mpaka uweze kushika mpira wa juu wa rejeta kwa mkono mtupu bila kuungua. Hiyo ni nusu saa au zaidi. Usimwage maji baridi kwenye injini ya moto, kwa sababu hedi ni ya aluminiamu na inapinda.

Kujaza upya kunahitaji uvumilivu, maana hewa ikibaki ndani gari litachemsha hata kama kila spea ni mpya. Simamisha gari pua ikiwa juu kidogo, weka hita kwenye moto wa mwisho, jaza polepole, washa injini ukiwa umeacha kifuniko wazi. Bana na kuachia mpira wa juu mara kwa mara. Themostati ikifunguka, maji yatashuka; ongeza. Endelea hadi mapovu yaishe na hita itoe hewa ya moto kwelikweli, kisha funga. Mfumo mzima unachukua kama lita 7 hadi 8, nusu kulanti na nusu maji yaliyochujwa chumvi. Maji ya kisima usiyaguse. Visima vingi vya Dar vina chumvi, na chumvi hiyo ndiyo inayoziba rejeta na kula aluminiamu.

Linatetemeka, linavuta vibaya, linanguruma: je, ni CVT?

Kila mtetemeko wa X-Trail huitwa giaboksi mbovu, na hapo ndipo watu hulipishwa mamilioni. Tenganisha kwanza.

Simama, kanyaga breki, weka D. Gari likitetemeka hapo na kutulia ukiweka N, tazama mauntingi (mipira inayoishikilia injini) na throto (mlango wa hewa ya injini) chafu. Likitetemeka hata kwenye P na N, ni injini inayomisi. Nenda sehemu inayofuata. Likitetemeka tu wakati wa kutembea, kati ya kilomita 20 na 60 kwa saa, ukiwa umekanyaga mafuta kidogo na giaboksi ikiwa ya moto, sasa CVT ni mshukiwa halali.

Dalili zake nyingine zinasomeka hivi. Mlio wa kunguruma unaopanda kadiri mwendo unavyopanda, hata ukiachia mafuta, ni beringi za ndani. Ila hakikisha kwanza si beringi ya gurudumu. Kuchelewa kushika ukiweka R au D ni haidroliki pungufu au msukumo mdogo. Gari linaloondoka kwa uzito mkubwa, kama limekwama kwenye gia ya juu, mara nyingi limejiwekea ulinzi kwa sababu ya kosa la umeme au la vali bodi (sehemu inayogawa haidroliki ndani ya giaboksi). Namba P1777 na P1778 zinaelekeza kwenye mota ndogo inayobadilisha uwiano wa gia, na P0868 inasema msukumo wa haidroliki umeshuka. Kukosa nguvu ghafla mlimani, mfano Kitonga, RPM zikagoma kupanda, ni kompyuta inayoilinda giaboksi iliyopata joto. Simama pembeni, weka P, acha injini ifanye kazi bila AC ili kulanti iendelee kuipoza. Baada ya muda nguvu zinarudi. Zikirudi hivyo, kagua rejeta na haidroliki kabla ya kuizungumzia giaboksi nyingine.

Kupima haidroliki ya T31 kuna utaratibu wake. Tembea na gari hadi haidroliki ifike nyuzi 50 hadi 80. Simama mahali tambarare, injini ikiwa inawaka, kanyaga breki na upitishe gia zote polepole kutoka P hadi mwisho na kurudi P. Fungua kifuniko cha kijiti kwa kubonyeza kifungio chake, futa kijiti kwa kitambaa kisicho na nyuzi, zamisha tena, soma upande wa moto. Kisha dondosha tone kwenye tishu nyeupe. NS-2 mpya ni ya kijani. Kijani kilichofifia kinakubalika. Rangi ya kahawia nzito, harufu ya kuungua au vumbi linalong'aa kwenye tishu ni habari mbaya. T32, X-Trail iliyofuata T31, haina kijiti. Kiwango chake hupimwa kwa kizibo cha chini gari likiwa juu ya lifti, kwa hiyo usimruhusu mtu "kuongezea kidogo" kwa kukisia.

Aina ya haidroliki haina mjadala. T31 inatumia NS-2, T32 inatumia NS-3, Toyota zenye CVT zinatumia TC au FE kulingana na mwaka. Haidroliki ya giaboksi za otomatiki za kawaida usiweke kamwe. Ndani ya CVT mkanda wa chuma unabanwa kati ya puli mbili, na kinachouzuia kuteleza ni haidroliki iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Mkanda ukiteleza mara chache tu unachora mistari kwenye puli, na mistari hiyo haiondolewi kwa haidroliki mpya.

Kwa foleni za Dar, badilisha kila kilomita 40,000. Ukifungua nati ya chini zinatoka lita 4 hadi 5 tu kati ya lita 8 hadi 10 zilizomo, kwa hiyo rudia baada ya wiki moja au mbili. Pima ulichotoa na urudishe kiasi hichohicho. Sampo (trei ya chini ya giaboksi) ikishushwa, tazama sumaku zake: ute laini wa kijivu ni uchakavu wa kawaida, vipande vinavyoshikika kwa vidole ni giaboksi inayojila. Kuna pia filta ndogo ya karatasi karibu na kipoozeo, ambayo mafundi wengi huisahau. Ukimaliza, mwenye mashine ya Nissan afute hesabu ya uchakavu wa haidroliki kwenye kompyuta. Hesabu hiyo ikipita 210,000, Nissan wenyewe wanataka haidroliki ibadilishwe, na ni namba nzuri ya kuomba uonyeshwe kabla ya kununua gari la mtu.

Ikifika hatua ya kununua giaboksi ya kontena (iliyotumika, kutoka nje) Gerezani au Ilala, ichukue ikiwa na vali bodi yake, linganisha namba ya kibati, na ukubaliane kabla ya kulipa nani atasomesha kompyuta ya giaboksi upya. Bila hilo itashtuka kila ikibadili mwendo na utaambiwa nayo ni mbovu.

Injini inamisi au inazima

Soma namba. P0301 hadi P0304 inataja silinda yenyewe, ya kwanza hadi ya nne. Badilishana koili ya silinda inayolalamika na ya jirani. Kosa likihama na koili, umempata mwizi. Lisipohama, ni plagi, nozeli au kompresheni.

Kwenye MR20DE manifoldi ya hewa imelala juu ya plagi, hivyo lazima itolewe. Kwa kuwa umeshaifungua, weka plagi zote nne mpya za iridiamu au platinamu na gasketi mpya za manifoldi. Kaza plagi kwa Nm 20, kwa spana ya kipimo, injini ikiwa baridi. Hedi ya injini hii ni nyembamba kwenye matundu ya plagi, na mkono mzito unaipasua. Ufa huo unaingiza kulanti kwenye tundu la plagi, na kazi ya asubuhi moja inageuka kuwa hedi nyingine.

Gari linalozima ukiachia mafuta kwenye taa za barabarani mara nyingi lina throto iliyojaa masizi. Ikisafishwa, kompyuta ya Nissan inatakiwa kujifunza upya kiwango cha hewa, ama kwa mashine au kwa utaratibu wa swichi na pedali. Fundi asiyefanya hivyo anakurudishia gari linalonguruma RPM 1,500 likiwa limesimama. Sensa ya hewa nayo isafishwe kwa dawa yake maalumu, maana ile ya kabureta inaiharibu.

X-Trail ya zamani ya T30 ikizima ikiwa ya moto kisha ikawaka baada ya kupoa, anza na sensa ya kranki na ya kamshafti, P0335 na P0340. Usikimbilie pampu ya mafuta.

P0420 inahusu masega ya ekzosi, yaani katalitiki inayosafisha moshi. Kuyatoboa na kuyatupa kumekuwa jambo la kawaida mjini, lakini masega hayafi bure. Yanauawa na injini inayomisi au inayokula oili. Tibu hilo kwanza.

Linakula oili

Moshi wa bluu ni oili, mweusi ni mafuta mengi, mweupe wenye harufu tamu ni kulanti. Injini ya 2AZ-FE, hasa ya miaka ya 2006 hadi 2009, inakula oili bila kuvuja tone, kwa sababu vitundu vya kurudisha oili kwenye pistoni huziba kaboni na ringi zinaganda. Pima hivi: jaza hadi alama ya juu, tembea kilomita 1,000, pima tena asubuhi mahali palepale. Nusu lita inaweza kuvumiliwa ukikagua kila wiki. Lita moja ni matengenezo ya pistoni na ringi, na oili nzito haitakuokoa kwa muda mrefu.

Badilisha oili kila kilomita 5,000. Gari linalotoka Mbagala hadi Posta kila siku linasoma kilomita chache huku injini imefanya kazi saa nyingi, na oili huchoka kwa saa. Injini za cc 2000 hadi 2400 za kundi hili zinachukua lita 4 hadi 4.5, kwa hiyo dumu la lita 5 lisimalizwe. Oili iliyozidi inapigwa povu na kranki, na povu halilainishi kitu.

AC haina baridi

Ikiwa na baridi ukitembea na joto ukisimama, rudi kwenye feni na kondensa, maana gesi haina kosa. Ikiwa haina baridi popote, gesi imevuja mahali. Mwambie fundi atafute kwa rangi na taa kabla ya kujaza. Kwa wakazi wa Msasani, Mbezi Beach na Kigamboni, upepo wa bahari hula kondensa na maungio ya aluminiamu mapema. Kiasi cha gesi kimeandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti, na kipimwe kwa mizani. Kujaza "mpaka bomba liote ukungu" kunaipa kompresa mzigo usio wake.

Upepo ukiwa dhaifu, toa filta iliyo nyuma ya kisanduku cha dashibodi. Zulia la mbele likilowa, mpira wa kutoa maji ya AC umeziba.

Haliwaki asubuhi

Betri iliyopumzika usiku kucha isome volti 12.4 hadi 12.7. Injini ikiwaka, taa na AC zikiwa zimewashwa, iwe 13.5 hadi 14.5. T31 ina sensa ya chaji kwenye waya wa hasi na wakati mwingine hushusha chaji kwa makusudi ili kuokoa mafuta, kwa hiyo usilaani alteneta kwa kipimo kimoja cha volti 13. Betri ikiisha kila baada ya siku mbili, funga milango yote, subiri nusu saa gari lilale, kisha pima umeme unaotoka. Ukizidi miliampia 50, chomoa fyuzi moja moja hadi ushuke. Kwa Dar, wa kwanza kushukiwa ni kifaa cha kufuatilia gari au redio iliyofungwa baadaye.

Milio ya chini na matairi

Mgongano wa "ko-ko" kwenye matuta madogo ni linki za stabilaiza au mauntingi za shokapu. Mlio wa "ta-ta-ta" ukikata kona hadi mwisho ni CV jointi. Ukiuona mpira wake umepasuka mapema, badilisha mpira na grisi kabla mchanga haujaingia. Mngurumo unaobadilika ukipindisha usukani kidogo kwenye mwendo ni beringi ya gurudumu, na kwa kawaida ukipinda kushoto na mlio ukaongezeka, mbovu ni ya kulia. Usukani ukitikisika ukifunga breki ni diski zimepinda. Ukitikisika kwenye kilomita 90 bila breki ni balansi.

Upepo wa matairi ya T31 yenye saizi ya 215/65R16 ni psi 33, umeandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kwa gari linalosukumwa na magurudumu yote manne (4WD), tairi zote nne ziwe saizi moja na uchakavu unaokaribiana. Tairi mbili mpya na mbili zilizoisha zinazunguka kwa kasi tofauti, kapulingi ya difu ya nyuma inafanya kazi muda wote hadi ipate joto, na taa ya 4WD inaanza kumweka. Wengi hufungua difu kwa kosa la tairi.

Masika, na maji ya barabarani

Kuanzia Machi hadi Mei, na tena wakati wa vuli, Jangwani na mabonde mengine hujaa. Maji yakipita katikati ya kitovu cha gurudumu, geuza. Haya si magari ya mtoni: mdomo wa kuvuta hewa uko mbele karibu na taa, na wimbi la daladala linalopishana nawe linatosha kuufikia.

Injini ikizima ndani ya maji, usijaribu kuiwasha hata mara moja. Maji hayabanwi, na konrodi hupinda kwa mzunguko mmoja tu. Lisukume litoke, chomoa betri, toa eya klina. Ikiwa imelowa, plagi zote zitolewe na injini izungushwe kwa mkono hadi maji yote yatoke kwenye matundu. Badilisha oili kabla ya kuwasha, na tena baada ya kilomita mia chache.

Hata kama gari halikuzima, siku inayofuata kagua oili ya injini, haidroliki ya CVT na oili ya difu ya nyuma. Giaboksi na difu zina matundu ya kupumulia. Zikiwa za moto kisha zikazama ghafla, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji. Rangi ya maziwa ni maji. Difu inachukua kama nusu lita ya 80W-90 GL-5, ni kazi rahisi. CVT yenye rangi ya maziwa usiitembeze hata hadi gereji: ivutwe, imwagwe na kujazwa upya mara mbili au tatu kabla mkanda haujabeba mzigo.